"Mabepari wa Venisi": Neno Moja na Msimamo wa Mfasiri

Wapo wanaodhani kwamba kutafsiri ni kuhamisha maneno tu, kama mtu ahamishavyo nafaka kutoka gunia hadi gunia. Fikra hiyo ni potofu. Mfasiri huchagua, na katika kuchagua huonyesha msimamo wake.

Tuchukue tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, yaani Antonio. Mwalimu angeweza kutumia "mfanyabiashara", au "tajiri", neno ambalo katika Kiarabu lina maana hiyo hiyo. Alichagua "bepari". Neno hilo nalo, huko Bara Hindi lilikotoka, ni mfanyabiashara tu. Lakini kwa Watanzania, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, bepari alikuwa mnyonyaji. Tena akaliweka katika wingi.

Je, amepotosha? La. Ushahidi umo katika mchezo wenyewe. Mahakamani, Shylock, anayedai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, anawakumbusha waungwana wa Venisi kwamba wao wana watumwa waliowanunua na kuwatumikisha kama wanyama. Mtoza riba na mnunuzi wa watu ni watoto wa mfumo mmoja. Wingi ule umelifichua jambo hilo.

Hata hivyo, uchaguzi huo una gharama. Antonio hukopesha bila riba, Shylock hutoza. Tofauti hiyo inafifia katika jina. Zaidi ya hayo, Shylock hatemewi mate kwa ajili ya riba peke yake. Hutemewa pia kwa kuwa ni Myahudi, na mwishowe hulazimishwa kuwa Mkristo. Kada anayeshika jina na kuacha kitabu ataona mapambano ya kitabaka tu hata penye ubaguzi, naye atapanda chuki dhidi ya jamii nzima ya watu akidhani anafundisha Ujamaa. Mwalimu mwenyewe alionya mwaka 1967 kwamba ujamaa na ubaguzi haviwezi kwenda pamoja.

Kazi ya mfasiri haiishi. Tafsiri ya Julius Caesar aliyoitoa mwaka 1963 Mwalimu aliirekebisha, akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wakufunzi wa siasa hatuna budi kuwa na nidhamu hiyo hiyo. Tuwape wanafunzi mchezo mzima, si jina tupu, kisha tuwaulize: neno "mabepari" limefichua nini, na limeficha nini?