Mitungi mia tatu kwenye kona moja

Likoni maji tunayajua kwa mtungi. Lita 20 ni kilo 20, na aliyewahi kuushusha mtungi kutoka mkokotenini akaupandisha ngazi anazijua kilo hizo kwa mgongo wake. Ndiyo maana, nilipokaa ukingoni mwa mtaro kule Shika Adabu nikimtazama fundi mzee akipiga hesabu ya elbo moja, kipande cha kona cha paipu ya maji, nyuma ya karatasi ya mfuko wa simiti, niliweza kumfuata. Naye alikuwa akihesabu kwa mitungi.

Paipu ilikuwa ya plastiki, ile inayoungwa kwa kusukuma ncha ndani ya soketi yenye raba. Raba huzuia maji yasivuje, lakini haizuii paipu isichomoke. Paipu ikienda moja kwa moja hakuna neno, kwa kuwa msukumo wa mbele na wa nyuma hulingana. Kazi iko penye kona.

Alichora elbo, kisha akaizungushia mstari wa nukta. Mstari huo ndio ninaoupenda kuliko yote. Ndani ya kona maji huvurugika na kujizungusha, na hakuna kalamu iwezayo kulifuata kila tone. Mstari wa nukta unamtua fundi mzigo huo. Anachouliza ni mpakani tu: kipi kinaingia, kipi kinatoka, na vinaelekea wapi? Tofauti iliyopo kati ya kuingia na kutoka, lazima pawe na kitu kilichoisababisha, na kitu hicho ni ukuta wa elbo. Sheria ni ya Newton.

Kipenyo milimita 300. Tangi liko mita 60 juu. Mdomo wa paipu una eneo la mita ya mraba 0.0707, zidisha kwa mita 60, unapata safu ya maji yenye uzito wa kilo 4,240. Mitungi 212 inasukuma mdomo mmoja, mitungi 212 mdomo wa pili. Kona ni ya nyuzi 90, kwa hiyo mishale miwili ya msukumo haijumlishwi kama shilingi. Huunganishwa kwa mshazari, na jibu ni mitungi 300. Tani 6, zikielekea nje ya kona, katikati kabisa ya pembe. Ni mikokoteni 15 ya mitungi ishirini-ishirini, yote imeegemea kipande ambacho kijana mmoja hukibeba begani.

Na ule mwendo wa maji wenyewe? Kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, kuyageuza maji penye kona hiyo kunadai kilo 23. Mtungi mmoja na lita tatu.

Nilimwomba arudie. Akarudia, tarakimu kwa tarakimu, bila haraka.

“Maji hata yakisimama yasukuma, mwanangu,” akaniambia.

Miaka yote niliamini kwamba kona huvunjwa na maji yanayokimbia. Mpira wa kumwagilia bustani ulinidanganya, ule unaoruka kama nyoka ukiuachilia. Lakini mdomo wa mpira uko wazi hewani; presha imekwisha pale, na kilichobaki ni mwendo. Hesabu ni ileile, ila mizani imelalia upande mwingine.

Dawa ya kona ni bonge la zege mgongoni mwake. Paipu itapimwa kwa presha mara 1.5, kwa hiyo tani 9. Udongo ukistahimili tani 10 kwa kila mita ya mraba, uso wa bonge unahitaji mita ya mraba 0.9. Mwamba wa matumbawe ungeridhika na uso mdogo zaidi. Mchanga mlegevu hudai mkubwa. Na zege lazima limwagwe likigusa udongo ambao jembe halijaufikia. Kibarua akichimba kupita kiasi kisha akarudishia kifusi, karatasi yote imeharibika. Ndiyo sababu mzee alishuka mtaroni mwenyewe na kuukwangua ukuta wa mtaro kwa mwiko mpaka ukawa wima.

Maji yetu hutoka kusini, visima vya Tiwi na chemchemi za Marere kule Shimba Hills, na huja kwa mgao. Koki hufunguliwa, hufungwa. Mwaka 1898 Nikolai Zhukovsky wa Moscow alionyesha gharama ya kuyasimamisha maji ghafla: wimbi la presha hurudi nyuma ndani ya paipu. Katika plastiki hukimbia kama mita 400 kwa sekunde, na kwa kasi yetu ya 1.5 huongeza mita 60 nyingine. Tani 6 zinakuwa 12, na bonge lilijengewa 9. Paipu ikiwa na urefu wa kilomita 2, wimbi huenda na kurudi kwa sekunde 10. Ukifunga ndani ya muda huo, kipigo ni kamili.

Jioni ya kupima, kijana mmoja alitaka kuifunga koki aende zake kabla feri haijajaa. Mzee aliuchukua ufunguo kutoka mkononi mwa kijana. Akazungusha nusu, akangoja, akazungusha nusu, midomo ikihesabu.