Kuku Ameatamia: Mpe Mayai au Mtoe Kiotani?

Kuku aliyekuwa akitaga na kuondoka, sasa haondoki. Amejibandika kiotani, mkia ameutandaza, manyoya ya shingo yamesimama, na mkono ukimkaribia anakoroma kwa kuonya kisha anadonoa kwa nia. Anayemwinua hukuta kifua kimenyonyoka na ngozi yake ina joto la kushangaza. Yakiondolewa mayai, analalia majani makavu. Yakiondolewa majani, analalia udongo mtupu. Kinyesi anakizuia karibu kutwa nzima, kisha anakitoa kwa mkupuo mmoja, kikubwa na chenye harufu kali, katika zile dakika chache anazotoka kula na kunywa.

Kwa mwenye kuuza mayai, huyo ni hasara inayokula pumba. Kwa mwenye kutaka vifaranga, ni mtaji. Ubaya ni kwamba kwenye mabanda mengi ya nyuma ya nyumba uamuzi haufanywi kabisa. Kuku anaachwa akalie mayai yake pamoja na ya wenzake waliokuja kutaga humohumo siku tofauti. Matatu au manne yanaanguliwa, mama anaondoka na vifaranga wake, na yaliyobaki yanageuka viza. Wiki tatu zimekwenda, na hakuna aliyezipangia kazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15 kwa mtago mmoja, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga kwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kurudi kutaga. Kwa mwendo huo, mizunguko mitatu kwa mwaka ni kazi nzuri. Mwaka 2002 watafiti wa Tanzania, N. A. Mwalusanya na wenzake, waliripoti hali ya kuku wa asili nchini: wastani wa mayai karibu 12 kwa mtago, zaidi ya asilimia 80 ya yaliyoatamiwa yakaanguliwa, lakini vifaranga wapatao 60 tu katika kila 100 ndio waliofika wiki ya 10. Kiota, basi, si mahali panapovuja. Kuangua kuku anakuweza kuliko mashine nyingi za bei nafuu. Kinachopotea ni muda wake, na vifaranga baada ya kutoka kwenye ganda.

Wengi humwita kuku wa namna hii mkaidi. Ukaidi haumo. Mwaka 1935 Oscar Riddle na wenzake, huko Marekani, waliwadunga kuku homoni iitwayo prolaktini, na kuku wakaanza kuatamia. Tafiti za baadaye zilionyesha mzunguko unavyojiendesha: tumbo lililo wazi likigusa mayai au kiota, taarifa hupanda ubongoni, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga prolaktini, na prolaktini huifunga ovari isiendelee kukuza viini. Kadiri anavyokaa ndivyo homoni inavyobaki juu, na ikibaki juu anazidi kukaa. Akitengwa na kiota, kiwango chake huanza kushuka mapema, aghalabu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kila njia ya kumwamsha kuku, ya babu au ya mtaalamu, inapimwa kwa maswali mawili tu: je, inamtenga na kiota usiku na mchana? Je, inaacha tumbo lipoe?

Kumzamisha kwenye ndoo ya maji baridi, njia inayopendwa sana, kunajibu swali la pili kwa dakika chache na la kwanza hakulijibu kabisa. Manyoya yana mafuta, maji mengi hayafiki kwenye ngozi, na kuku akiachiwa hujikung'uta, hukaa juani, kisha hurudi palepale. Wanaoapa kwamba imewafaa mara nyingi ni wale waliomzamisha na pia kumfungia mbali na kiota, halafu sifa wakayapa maji. Mahali penye baridi kama Njombe au Limuru, kuku aliyelowa jioni anaweza kuugua.

Kumtoboa pua kwa unyoya nako kunaendelea sehemu nyingi. Kuku hupata maumivu, huhangaika na unyoya uliochomoza mbele ya macho, na pengine hukaa nje ya kiota kwa sababu ya huo mhangaiko. Ni ukatili usio na faida ya ziada, na tundu la pua lililojeruhiwa ni mlango wa maradhi. Watafiti waliozunguka vijiji vya Ethiopia wameandika njia nyingine za wenyeji: kuning'iniza kuku kichwa chini, kubomoa kiota, na kumpeleka kuku kwa jirani siku kadhaa. Hiyo ya jirani ndiyo yenye akili kuliko zote. Huko ugenini hana kiota anachokijua, hajui pa kujificha, na kuku wenyeji hawampi nafasi ya kutulia. Swali la kwanza limejibiwa bila kumuumiza mtu wala ndege. Kasoro yake ni moja tu: kuku anayehama huhama na maradhi yake, au hurudi na ya huko.

Njia inayojibu maswali yote mawili ni kizimba chenye sakafu ya waya. Fremu ya mbao, waya wa matundu chini, na kizimba chote kiinuliwe juu ya matofali ili hewa ipite chini ya tumbo. Hakitandikwi nyasi, gunia wala katoni, maana kitu chochote laini ni kiota kipya. Chakula na maji vinakuwemo muda wote. Kumnyima hakuharakishi chochote, na mwili uliodhoofika huchelewa zaidi kurudi kutaga. Kizimba kiwe kivulini, penye mwanga na kelele za wenzake, na usiku kiingizwe ndani kwa sababu ya kicheche. Siku tatu hadi tano hutosha kwa walio wengi. Kipimo ni jioni: anafunguliwa kuku wanapoingia kulala, na akipanda kichanja pamoja na wenzake, amekwisha. Akikimbilia kiotani, anarudi kwenye waya kwa siku mbili zaidi.

Asitazamiwe kutaga kesho yake. Ovari ilikuwa imesinyaa, na kiini cha yai huhitaji kama siku 7 hadi 10 za kukua haraka kabla hakijawa tayari. Ndiyo maana siku za mwanzo zina thamani. Kuku aliyetolewa siku ya pili ya kuatamia kwa kawaida hurudi kutaga mapema kuliko aliyeachwa wiki mbili ndipo mwenyewe akazinduka.

Hayo ni kwa asiyetaka vifaranga. Anayewataka ana kazi ya ufundi zaidi, na hapo ndipo wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wamepiga hatua kwa kuatamisha kuku kwa pamoja. Kuku wa kwanza akianza kulalia, hapewi mayai ya kuangua. Anawekewa mawili au matatu ya kumshikilia tu, hata yaliyochemshwa, wakati wengine wanasubiriwa. Huku nyuma mayai mazuri yanakusanywa kila siku, yanaandikwa tarehe kwa penseli, na yanahifadhiwa mahali pa baridi juu ya mchanga au majivu, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Yakipita siku 7 hadi 10, uwezo wa kuanguliwa hushuka, na yanahamia jikoni. Wakishapatikana kuku watatu au wanne, wote wanawekewa mayai usiku mmoja, 10 hadi 13 kwa kila mmoja kulingana na umbo lake. Usiku ni wakati mwafaka kwa sababu kuku haoni vizuri gizani na hapigani na mkono.

Kiota nacho kina ufundi wake. Kikapu kilichochakaa, katoni au chungu kilichovunjika mdomo vyote vinafaa, ila chini uwekwe udongo au mchanga uliofinyangwa kibakuli, mayai yasitawanyike pembeni na kupoa. Juu yake majani makavu, na katikati ya majani majivu au unga wa pareto. Kuku mwenyewe anapakwa dawa ya utitiri kabla ya kukalia, si baada. Utitiri humnyonya damu kuku aliyetulia mahali pamoja kwa wiki tatu, na kuku wengi wanaosemwa kuwa "walisusa mayai" walifukuzwa kiotani na wadudu.

Siku ya 7 mayai yanamulikwa. Tochi ya simu inatosha: yai linashikwa kwa vidole, mwanga unaelekezwa upande wa ncha butu, na chumbani pawe giza. Yai lenye mbegu linaonyesha doa na mishipa ya damu iliyotambaa kama utando wa buibui. Lililo jeupe tupu halina kitu, linatolewa. Faida ya kuatamisha kwa pamoja huonekana hapo. Kuku wanne wakibaki na mayai manane manane, yote 32 yanagawiwa watatu, na wa nne anakwenda kwenye kizimba cha waya siku hiyohiyo. Kuanzia siku ya 18 mayai hayaguswi tena.

Vifaranga huanza kulia wakiwa bado ndani ya ganda. Sauti hiyo, pamoja na mguso wa kifaranga baada ya kutoka, humhamisha kuku kutoka uatamiaji kwenda ulezi, na prolaktini hushuka. Hili ndilo linalowatatiza wanaotaka kuku mmoja aangue mfululizo. Mbinu inawezekana: vifaranga wanachukuliwa mara tu wanapokauka, na usiku huo kuku anawekewa mayai mapya. Lakini kuku aliyekwisha kukaa na vifaranga kutwa nzima hukataa, au hukubali kwa siku nne kisha akaondoka na kuyaacha mayai yakiwa nusu njia.

Kuku anayeatamia hukonda, na si kwa kukosa chakula. Mwaka 1980 David Sherry na wenzake walionyesha kwamba kuku-mwitu anayeatamia hula kidogo hata chakula kikiwa jirani na kiota. Mwili wenyewe unashusha uzito unaoulinda. Akikalia mara ya pili mfululizo, anaanza na akiba iliyopungua, na ya tatu ni kumkopa kwa nguvu. Mahindi na maji karibu na kiota ni lazima, lakini havifuti gharama hiyo. Mwenye busara humpa raundi mbili, na hizo ni kwa kuku mkubwa mwenye afya.

Kwa wanaofuga Kuroiler, Sasso au kuku wa mayai wa kisasa, mjadala huu ni mfupi. Kuatamia kumepunguzwa mno katika kuku hao kwa uchaguzi wa mbegu, hivyo anayetaka kuangua mayai yao huhitaji mashine au huyahamishia kwa kuku wa kienyeji, ambaye haulizi ni ya nani. Kuku huyohuyo hukalia mayai ya kanga hadi siku 28 bila kugoma.

Kwa kuku walioatamishwa usiku mmoja, siku ya 21 vifaranga wote wanatoka kwa pamoja, na usiku wanagawiwa mama wawili tu, au wanahamishiwa bruda. Mama waliobaki wanaingia kwenye waya. Mchana vifaranga wakae chini ya tenga kwa wiki za mwanzo, kwa ajili ya mwewe na kunguru. Umri mmoja unarahisisha pia chanjo ya mdondo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na inayotengenezwa pia Tanzania, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haiwekwi muda mrefu. Kuifungua kwa ajili ya vifaranga watano leo na sita mwezi ujao ni kuimwaga, ndiyo sababu majirani wengine hupanga siku moja ya kuatamisha. Mdondo hushika kasi zaidi kiangazi. Mfugaji wa Dodoma anayeweka mayai mwanzoni mwa Mei hupata vifaranga kabla mwezi haujaisha, mvua zikiwa zimekatika, na kufika Agosti kundi zima limekwishapata chanjo ya kwanza na linasubiri ya pili.