Hodi Isiyosubiri Karibu: Hadhira Iliyogawanyika ya Funny Games

Mwezi Mei 1997, filamu ya Funny Games ya mwongozaji Michael Haneke wa Austria ilipoonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, baadhi ya watazamaji waliinuka wakatoka ukumbini kabla haijamalizika. Waliobaki hawakuafikiana. Wako walioiona kuwa mojawapo ya kazi adilifu kabisa zilizowahi kuundwa kuhusu ukatili katika sinema. Wako walioiona kuwa ni ukatili ule ule, ila umevishwa joho la falsafa. Jacques Rivette, mmoja wa waongozaji wakongwe wa Ufaransa, aliishutumu mwaka 1998 kwa lugha ambayo ni nadra msanii kuitumia dhidi ya msanii mwenziwe. Zaidi ya robo karne imepita na ufa huo haujazibika. Makala haya hayadhamirii kuuziba. Yanadhamiria kuuliza swali ambalo, kwa maoni yetu, limepitwa kwa haraka na wanaoisifu na wanaoilaani: je, filamu hii inamsemesha nani?

Kisa chenyewe ni chepesi. Anna (Susanne Lothar), mumewe Georg (Ulrich Mühe) na mtoto wao wa kiume wanawasili katika nyumba yao ya mapumziko kando ya ziwa. Anna akiwa jikoni, kijana mpole aliyevaa glavu nyeupe anakuja kuomba mayai manne kwa niaba ya jirani. Anapewa. Yanamponyoka na kuvunjika. Anaomba mengine. Katika pitapita zake anaiangusha simu ya Anna ndani ya maji ya sinki. Punde anatokea mwenzake, mwenye maneno matamu zaidi. Hawaondoki. Georg anapoingia na kumkuta mkewe amefadhaika, anawataka watoke. Maneno yanazidi, Georg anampiga kofi yule wa pili, na hapo hapo yule wa kwanza anamvunja mguu kwa kigongo cha gofu. Wavamizi hao, wanaoitana Paul na Peter, na mara nyingine kwa majina ya vikaragosi vya televisheni, wanaweka dau kwamba kufikia saa tatu asubuhi ya siku ya pili familia nzima itakuwa imekufa. Dau hilo wanalishinda.

Msomaji wa Kiswahili ana istilahi ambayo, kwa bahati, inaufaa mwanzo huu kuliko istilahi nyingi za nadharia: hodi. Anayebisha hodi anakiri kwamba nyumba si yake. Mwenyeji akiitikia karibu, anauchukua mzigo wa mgeni. Mgeni akiambiwa aondoke asiondoke, mkataba umevunjika hata kabla kigongo hakijainuliwa. Haneke anakaa katika hatua hii kwa muda mrefu ajabu, na hapa ndipo, kwa hakika, ustadi wake unapodhihirika. Kila tendo la wageni hawa, likitazamwa peke yake, lina maelezo ya kiungwana. Mayai huvunjika. Simu huanguka. Jirani mwenyewe ndiye aliyefika na Paul mara ya kwanza na kumtambulisha. Baadaye ndipo tunapofahamu kwamba jirani huyo alikuwa tayari mateka. Anna anaanza kuona haya kwa ukali wake mwenyewe. Isitoshe, kofi la kwanza linatoka kwa mwenye nyumba, na wageni hawaachi kulitaja. Adabu, ambayo katika jamii yoyote ni ukuta wa nyumba usioonekana, ndiyo inayogeuzwa kuwa mlango wa kuingilia.

Sasa tuje kwenye mgawanyiko wenyewe. Hans Robert Jauss alitufunza kwamba kazi ya sanaa hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio uliochorwa na kazi zilizoitangulia. Upeo wa filamu za uvamizi wa nyumbani ulikuwa umechorwa kitambo. Katika The Desperate Hours (1955) ya William Wyler, majambazi waliotoroka gerezani wanaishika familia mateka, na mwishowe baba anaikomboa nyumba yake. Katika Straw Dogs (1971) ya Sam Peckinpah, mwanahisabati mnyonge anageuka muuaji ili kuulinda mlango wake. Mtazamaji wa utanzu huu huvumilia mateso kama mtu anayeweka akiba: anajua kwamba atalipwa, na riba juu. Haneke anaijua hesabu hiyo na anaikejeli. Mapema katika filamu tunaonyeshwa kisu kikisahaulika ndani ya mashua ya familia. Mtazamaji mzoefu anakiweka moyoni. Karibu na tamati, Anna akiwa amefungwa ndani ya mashua ile ile, anakifikia. Wale vijana wanamwona, wanamnyang'anya na kukitupa ziwani. Basi. Akiba yote imepotea.

Lakini wizi mkubwa zaidi umetangulia. Anna ananyakua bunduki iliyo mezani na kumpiga Peter risasi kifuani. Takriban ukatili wote mwingine wa filamu hii hutendeka nje ya macho yetu. Hata mtoto anapouawa, kamera imemfuata Paul jikoni anakojitafutia chakula, na tunasikia mlio tu. Huu pekee tunaonyeshwa waziwazi, nao ndio tuliokuwa tukiutamani. Paul anapagawa, anatafuta rimoti ya televisheni, anabonyeza, na filamu yenyewe inarudi nyuma hadi kabla ya Anna kuinuka. Safari ya pili, Paul anaiwahi bunduki.

Watetezi wa Haneke husema kwamba hapa mtazamaji amenaswa. Ameshangilia kifo, kisha ameonyeshwa kwamba alishangilia. Haneke mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba anayetoka ukumbini haihitaji filamu hii, na anayebaki hadi mwisho ni kwa kuwa aliihitaji. Kauli hiyo imenukuliwa sana madarasani, nasi tumewahi kuinukuu kwa ridhaa. Siku hizi inatutatiza. Kwanza, ni kauli isiyoweza kushindwa: anayeipenda filamu amethibitisha hoja, na anayeichukia amethibitisha hoja. Mhakiki apaswa kuishuku nadharia ambayo kila jibu la hadhira huwa ni ushahidi wake. Pili, inaificha rimoti ilipo. Paul anapotukonyezea jicho na kutuuliza tunaweka dau upande gani, anatushirikisha katika mchezo ambao sheria zake amezitunga mtu mmoja, naye hayumo katika ukumbi. Mtambaji wa ngano akisema Paukwa husubiri Pakawa. Hadhira ikinyamaza, hana hadithi, na akitaka kuendelea sharti aibembeleze. Haneke anauliza, hasubiri, kisha anatulaumu kwa kuitikia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kauli hiyo ina mtazamaji wake maalumu. Wolfgang Iser alipozungumzia msomaji anayedokezwa na matini, alikuwa na maana ya nafasi iliyoachwa ndani ya kazi ili msomaji halisi aikalie. Nafasi iliyoachwa ndani ya Funny Games ni ya mtu ambaye uvamizi wa nyumba, kwake, ni burudani: amekwisha kuuona mara nyingi katika kioo na hajauona kamwe mlangoni. Haneke hakulificha hilo. Ndiyo sababu aliirudia filamu nzima kwa Kiingereza mwaka 2007, takriban picha kwa picha, akiwatumia Naomi Watts, Tim Roth na Michael Pitt, ili imfikie yule Mmarekani ambaye, kwa maelezo yake, ndiye aliyelengwa tangu awali. Mmarekani huyo hakufika. Filamu ilitolewa Marekani Machi 2008 na mapato yake yakawa haba mno. Mwezi Mei mwaka huo huo ikatolewa The Strangers ya Bryan Bertino, ambamo wageni watatu waliovaa vinyago wanawatesa wapenzi wawili usiku kucha bila sababu ya maana. Hii ilijaza majumba ya sinema. Haitoshi, basi, kusema kwamba umma ulikataa ukatili usio na sababu, wala mwisho usio na faraja. Katika The Strangers vyote viwili vimo. Kilichokataliwa, kwa tathmini yetu, ni kukaripiwa. Nasi hatuoni kwamba aliyekataa kukaripiwa ni mpotovu kwa sababu hiyo tu.

Miaka michache iliyopita tuliionyesha filamu ya 1997 katika semina ya wanafunzi wa uzamili, chini ya mada ya hadhira na fanani. Hatukuwaeleza mengi, tulidhani kwamba kueleza kungeharibu jaribio. Mwanafunzi mmoja wa kiume alipiga makofi Peter alipopigwa risasi, na filamu iliporudishwa nyuma alisema kwa sauti kwamba ameibiwa. Huyu ndiye mtazamaji wa Haneke hasa, na majadiliano naye yalikuwa na tija. Wengine wawili walichoshwa, jambo ambalo watetezi wa filamu hii hulisahau kuwa nalo ni jibu. Lakini mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa ametoka zamani. Hakutoka mtoto alipouawa. Alitoka wakati wa mayai, kabla ya tone lolote la damu, pale kijana alipoombwa aende zake naye akatabasamu, asiende.

Tulidhani ana dharura. Alipokuja ofisini kesho yake alieleza, bila lawama, kwamba nyumba yao iliwahi kuvamiwa usiku alipokuwa angali shule ya msingi, na kwamba ile sauti ya upole anaijua. Waliokuja kwao nao walianza kwa kuomba: maji ya kunywa. Hakuhitaji kusubiri kigongo ili ajue mwisho.

Tumweke wapi msomi huyu katika mizani ya Haneke? Alitoka, kwa hiyo hakuihitaji filamu. Ni kweli, ila si kwa sababu aliyoikusudia Haneke. Hakutoka kwa kuwa ana maadili bora kuliko aliyepiga makofi. Alitoka kwa kuwa nafasi iliyoachwa ndani ya matini haikuwa yake. Ndani ya filamu ile nafasi yake ilikuwa kochini, pamoja na Anna. Filamu inayojinasibu kuwa yasema na hadhira yote kuhusu ukatili haikuwa na neno moja la kumwambia yeye, isipokuwa kuurudia. Nasi tuliomketisha pale, tukifunga pazia na kuzima taa kwa jina la jaribio, hatuna budi kukiri kwamba tulibisha hodi kwa namna ya vijana wale wawili.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuungana na Rivette. Kinachotuzuia ni sehemu moja ya filamu, nayo, kwa ajabu, haitajwi sana kama rimoti inavyotajwa. Mtoto amekwisha kuuawa. Televisheni, iliyotapakaa damu, inaendelea kupaza mashindano ya magari. Vijana wameondoka. Kamera inasimama, na kwa muda wa karibu dakika kumi hakuna mkato. Anna ameketi, amefungwa mikono na miguu, ameinamisha kichwa. Hasemi. Muda mrefu unapita. Kisha anajikokota hadi kwenye televisheni na kuizima. Ndipo tunapousikia ukimya wa nyumba. Anatoka, anarudi akiwa amejifungua kamba, anamkuta Georg sakafuni akilia kilio ambacho hakifanani na kilio cha sinema, na anajaribu kumwinua, mwili mzito wa mtu mzima mwenye mguu uliovunjika. Lothar na Mühe walikuwa mke na mume nje ya filamu pia; sijui kama hilo laongeza chochote, ila ni vigumu kulisahau ukiisha kulijua.

Katika dakika hizo hakuna anayetukonyezea jicho. Hakuna dau. Mtazamaji hashitakiwi wala hapewi fumbo. Anapewa muda tu, kiasi cha muda ambacho filamu za utanzu huu humnyima kila anayefiwa ndani yake, kwa kuwa zina haraka ya kufika kwenye kisasi. Tukitafuta uadilifu katika Funny Games, umo humu, wala haumo katika ile hila ya rimoti. Hila ina makali, ila makali yake huisha pindi inapofahamika. Aliyeiona filamu mara moja hanaswi tena. Dakika kumi za sebuleni hazipungui kwa kurudiwa. Tumezitazama mara nyingi, na kila mara tunajikuta tukisubiri Anna ainuke, pasipo kutamani lolote zaidi ya hilo.

Tulimsimulia mwanafunzi yule kuhusu sehemu hiyo, tukimwambia pia kwamba hatumshauri aitazame. Aliomba kanda, akaitazama peke yake mchana, sehemu hiyo tu. Katika insha yake hakuandika lolote juu ya ushirika wa hadhira katika ukatili. Aliandika kurasa tatu juu ya kitendo cha kuizima televisheni: kwamba Anna, kabla ya kujifungua, kabla ya kumsogelea mumewe, anakwenda kwanza kunyamazisha kelele; na kwamba mama yake, wale wageni walipokwisha kuondoka, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa ni kufagia vioo.

Tangu mwaka ule tunaianza mada hiyo kwa dakika hizo kumi, mchana, mapazia yakiwa wazi. Tukimaliza tunawaeleza wanafunzi yaliyotangulia na yanayofuata, kisha kila mmoja huamua kama atakuja jioni kuitazama filamu yote. Wengine huja.