Mahadhi Mamoja, Mataifa Mawili

Tarehe 21 Januari 2024, mjini San-Pédro, Côte d'Ivoire, Taifa Stars ya Tanzania na Chipolopolo ya Zambia zilijipanga kwa nyimbo za taifa. Mahadhi yakapigwa, yakaisha, kisha yakaanza tena yale yale. Nchi zote mbili zinatumia utunzi wa mwaka 1897 wa Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini.

Taratibu za kabla ya mechi zina umbo la mizani: safu mbili, bendera mbili, nyimbo mbili. Wimbo wa kwanza unasema "sisi", wa pili unajibu "na sisi". Kazi ya umbo hilo ni kutenganisha. Siku ile masikio hayakupewa cha kutenganisha. Tofauti yote ilibaki kwenye maneno, na uwanjani maneno ndiyo hupotea kwanza.

Maneno hayo yanastahili kusikilizwa. Wazambia wana wito: raia anaambiwa asimame aimbe kwa fahari. Sisi tuna dua, na dua yetu haianzi na Tanzania. Ubeti wa kwanza mzima ni wa Afrika, nchi yetu inangoja wa pili. Basi mchezaji wetu, mkono kifuani, dakika chache kabla ya kupambana na Mzambia, anaanza kwa kumwombea Mzambia huyo baraka. Wimbo hauna adui wala hauombi ushindi. Mwendo wake nao ni wa kwaya ya kanisani, hauharakishwi. Vijana 11 ambao miguu yao tayari inataka kukimbia wanalazimika kutulia na kuvuta pumzi pamoja. Wala dua haikupoza mechi: Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Bao lile liliniuma mno.

Wanaotaka wimbo wa taifa uondolewe viwanjani wana hoja nzito wakitazama Marekani. Wimbo wa kule ulizaliwa katika mashambulizi ya Baltimore ya 1814, na ulishika mizizi michezoni baada ya kupigwa kwenye fainali za besiboli, Chicago, mwaka 1918, vita vikiendelea. Leo unapigwa hata vilabu viwili vya nchi hiyo hiyo vinapokutana. Hapo mizani imevunjika: wimbo ni mmoja, hauna wa kuujibu, na anayebaki kupimwa ni mchezaji. Mchezaji Colin Kaepernick alipopiga goti wimbo huo ukipigwa, mwaka 2016, alipimwa hivyo.

Kwa hiyo nautetea wimbo wetu mbele ya Taifa Stars, na nisingependa uwe desturi ya ligi. Simba na Yanga wakiingia uwanjani, upande wa pili wa mizani haupo. Kelele za jukwaani zinatosha kuwatenganisha, na dua ile ingebakiwa na kazi moja tu: kuhesabu nani hakusimama.