Wokovu wa Asiyeamini katika La Peste

Katika riwaya ya Albert Camus, La Peste (1947), tauni inaufunga mji wa Oran, Algeria. Tarrou, asiyemwamini Mungu, anaanzisha vikosi vya kujitolea, kisha anamwambia Daktari Rieux linalomsumbua: je, mtu aweza kuwa mtakatifu bila Mungu? Rieux naye haamini. Padri Paneloux anapotaja wokovu wa binadamu, daktari anajibu kuwa neno hilo ni kubwa mno kwake. Linalomhusu kwanza ni afya.

Wapo wanaosoma haya kama ushindi dhidi ya padri. Sikubaliani nao. Paneloux pia anahudumu vikosini, na kifo chake kinaandikwa kuwa chenye shaka. Tarrou anakufa tauni ikielekea kwisha, swali lake likiwa halijajibiwa.

Kiswahili kinatuonyesha ugumu uliopo. Daktari huokoa, muumini huokoka. La kwanza hutendwa, la pili hupokewa. Matendo ya Tarrou yanathibitisha la kwanza. Anayemfungia mlango wa la pili, au kumfungulia, anasema asilolisema Camus.