Taksimu, Ufundi wa Kuingojesha Noti

Katika taarabu ya Unguja, kuna wakati ngoma hunyamaza, mwimbaji hukaa kimya, na mpigaji mmoja huachiwa uwanja. Hakuna mapigo ya kumwongoza wala muziki ulioandikwa. Ana maqamu, yaani mpangilio wa noti, na vidole vyake tu. Hiyo ndiyo taksimu.

Maqamu humpa noti, lakini uamuzi wa wapi akawie ni wake. Maqamu ya Rasti na Bayati hutumia karibu noti zile zile. Rasti hutua kwenye do, Bayati kwenye re. Msikilizaji huzitofautisha kwa pale mpigaji anapotulia. Ndiyo maana fundi hana pupa ya kupanda. Huzunguka kwanza kwenye noti tatu nne za chini mpaka sikio lizizoee, kisha huongeza moja. Hapo noti hiyo moja huwa tukio.

Chombo nacho kina kauli. Shingo ya udi haina vigawanyo, kwa hiyo kidole huipata ile mi ya Rasti isiyopatikana kwenye piano. Lakini sauti ya udi hufifia upesi, na mpigaji huihuisha kwa kuucharaza uzi tena na tena. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti, nayo humvuta mpigaji kwenye mimiminiko ya kasi. Fidla huishika noti na kuiburura. Kodiani ya kawaida haiwezi kuitoa mi ile. Uhodari wake huonekana zaidi katika maqamu ya Hijazi na Nahawandi.

Kuingia kwa ganuni Unguja kunahusishwa na Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 hadi 1888, anayesimuliwa kumtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze kuipiga. Baadaye kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905.

Tangu hapo kila mkono umekuwa na njia yake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliimba huku akipiga udi mwenyewe, hivyo vidole vyake viliweza kuijibu sauti yake. Rajab Suleiman, wa kikundi cha Culture Musical Club, amejulikana kwa ganuni. Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa Unguja mwaka 2002, inawafundisha vijana vyombo hivi.

Wape wapigaji wawili Hijazi. Kati ya noti yake ya pili na ya tatu pana pengo kubwa. Mmoja ataing'ang'ania ya pili mpaka wasikilizaji waidai ya tatu. Mwenziwe ataliruka pengo mapema, kisha atarudi nyuma kulipamba. Wote wawili wamepiga Hijazi.