Ubeti wa Muyaka katika Kioo Chembamba: Uhakiki wa Mpangilio wa Vitabu vya Kielektroniki

Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mombasa, zama ambazo Wamazrui walitawala kutoka Ngome ya Yesu, utawala uliokoma mwaka 1837. Mashairi hayo yalidumu vinywani mwa watu hadi W. E. Taylor alipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Mwaka 1940 W. Hichens aliyachapisha katika diwani, na mwaka 1979 M. H. Abdulaziz akatoa kitabu chenye mashairi na uchambuzi. Kutoka sauti hadi khati ya Kiarabu, na kutoka khati hadi chapa ya Kilatini, shairi limebadili vazi mara kadhaa. Vazi la leo ni kitabu cha kielektroniki, nalo linastahili kuhakikiwa.

Ukurasa wa chapa una upana mmoja. Katika vitabu vingi vya kielektroniki, maandishi hujipanga upya kwa kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Nathari haidhuriki. Madhara huzuka pale ambapo nafasi yenyewe ni sehemu ya maana, yaani katika jedwali, katika fomula ya hisabati, na katika shairi.

Ubeti wa shairi la kawaida ni jedwali: mishororo minne na safuwima mbili, ukwapi na utao, kila kipande kikiwa na mizani 8. Kwa fomula, 4 × (8 + 8) = 64. Kioo kinachobeba mizani 11 kitaukata mshororo kuwa 11 na 5. Kina cha kati kitazama katikati ya mstari, na silabi isiyo kina itakaa mahali pa kina. Mwanafunzi asiyepata kulisikia shairi likighaniwa ataona mistari minane isiyolingana, na pengine atahukumu kwamba Muyaka hakujali mizani. Vivyo hivyo, kipeo kikishuka, 8² husomeka 82. Na katika jedwali lililovunjika, tarakimu hutengana na kichwa cha safuwima yake.

Wapo wanaopendekeza kila jedwali na kila fomula vitiwe kama picha. Picha hiyo ikipunguzwa haisomeki, maneno yake hayatafutiki, na isipoambatanishwa na maelezo, chombo kinachomsomea kipofu huipita kimya. Pendekezo hilo linachanganya sura na muundo.

Waandishi wa tendi kwa khati ya Kiarabu mara nyingi waliuweka ubeti mzima wa vipande vinne katika mstari mmoja, wakavitenga vipande kwa alama. Wachapaji wa Kilatini waliutandaza katika mistari minne. Sura zilitofautiana, lakini utenzi ulibaki utenzi kwa kuwa mpaka wa kipande ulionekana. Kanuni ni hiyohiyo leo. Mshororo na ukatwe baada ya mizani ya nane tu, utao ushuke chini ya ukwapi huku umesogezwa ndani kidogo. Kila tarakimu ya jedwali ifungamane na kichwa chake. Fomula ziandikwe kwa MathML, lugha ya alama za hisabati iliyokubaliwa katika EPUB 3 mwaka 2011. Kisha kazi ijaribiwe katika simu na vifaa vingine, wala si katika kompyuta ya mhariri pekee, kwa sababu vifaa havitekelezi maagizo hayo kwa namna moja.

Lawama haimwangukii fundi peke yake. Fundi hajui mizani ya nane inaishia wapi; ajuaye ni mwalimu wa fasihi. Idara za Kiswahili zikimwachia fundi kazi hii, vijana wa Mji wa Kale, walio jirani kabisa na Ngome, watapokea maneno yote ya Muyaka, ila shairi halitakuwamo.